Kwa nini mgonjwa wa dimensha humwona mkewe kuwa mwanamke mwingine mwenye sura yake?

Kifunguamimba, Buruburu

Hamjambo ndugu wasomaji. Ninaomba kueleweshwa jambo linaloendelea nyumbani kwetu, na ingawa pole zenu nitazipokea kwa moyo mkunjufu, ninachokihitaji zaidi ni maelezo ya mtu anayeufahamu ubongo.

Baba yetu ana dimensha, yaani ugonjwa wa ubongo unaodhoofisha kumbukumbu na fikra, na katika miezi ya karibuni ameanza kusema kwamba mama si mke wake. Hasemi kwamba amemsahau. Anakiri kwamba mwanamke huyu anafanana na mkewe kwa sura, kwa kimo, kwa mwendo, hata kwa kovu la mkononi, lakini anashikilia kwamba ni mwingine aliyeletwa akae mahali pake. Hutuuliza kwa sauti ya chini, “Mama wa watoto wangu mmempeleka wapi?”

Kuna mambo mawili yanayonitatiza. Kwanza, baba anawatambua majirani, anamtambua bawabu wa mtaa, anamtambua hata mwenye kibanda cha mboga, ila mama ambaye wameishi pamoja tangu ujana wao ndiye anayemkataa. Pili, mama akiwa sokoni na akampigia simu, baba humtambua mara moja, hufurahi, kisha humwomba arudi haraka kwa sababu kuna mwanamke asiyemjua ndani ya nyumba. Mama akifika mlangoni, yeye ndiye anayekuwa mwanamke huyo.

Pengine inafaa niseme pia kwamba hali hii huzidi jioni na asubuhi nyingine haipo kabisa, kwamba baba huona watoto wadogo wamekaa sebuleni ilhali hakuna mtu, kwamba hatua zake zimekuwa fupi na za kuburura, na kwamba kwa miaka mingi kabla ya haya yote alikuwa akipiga kelele na kurusha mikono usingizini.

Jamaa zetu wamegawanyika. Wako wanaosema ni pepo, na wako wanaonong’ona kwamba lazima mama alimkosea jambo kubwa ambalo moyo wa mzee umekataa kulisamehe. Maneno haya ya pili ndiyo yanayomla mama. Je, ni kitu gani hasa kinachoharibika katika ubongo hata mtu amkatae yule aliye karibu naye kuliko wote?

Tabibu wa Neva, Parklands

Pole, Kifunguamimba, na umfikishie mama salamu zangu za heshima. Kazi yangu ni kutibu maradhi ya ubongo na neva, na ijapokuwa siwezi kumpima mzee kupitia maandishi, haya uliyoyaeleza yanajulikana sana katika tiba.

Mwaka 1923 daktari wa akili wa Ufaransa, Joseph Capgras, pamoja na mwenzake Jean Reboul-Lachaux, waliandika habari za mwanamke aliyeshikilia kwamba watu wa nyumbani mwake walikuwa wameondolewa na mahali pao pakawekwa wengine wanaofanana nao. Hali hiyo ikaja kuitwa kwa jina la Capgras. Kwa miaka mingi baadaye, wataalamu wengi waliieleza kama vita vya ndani ya nafsi, yaani mgonjwa ana chuki ya siri dhidi ya mtu anayepaswa kumpenda, na kwa kuwa hawezi kuikiri chuki hiyo, humgeuza mtu huyo kuwa mgeni. Ninalitaja hili kwa makusudi, kwa kuwa ndilo jambo lilelile ambalo jamaa zenu wanamnong’onea mama, na wanaoamini hivyo wanapaswa kujua kwamba utafiti wa ubongo umeyaacha nyuma maelezo hayo.

Tunapouona uso, picha hutoka machoni ikafika kwanza sehemu ya ubongo iliyo kisogoni, kisha huendelea mbele kwa upande wa chini, hasa upande wa kulia, hadi kwenye eneo liitwalo fusifomu, ambalo hushughulika mno na nyuso. Kutoka hapo kuna kazi mbili ambazo sisi tulio wazima huziona kama kazi moja. Ya kwanza ni kuulinganisha uso huo na elimu tuliyonayo: huyu ni fulani, jina lake ni hili, tulikutana mahali fulani. Ya pili ni kuziamsha sehemu za ubongo zinazohusika na hisia, mojawapo ikiwa amigdala, na hizo huugusa mwili wenyewe. Mapigo ya moyo hubadilika kidogo, na ngozi hutoa unyevu mdogo wa jasho ambao mtu mwenyewe hautambui lakini vipimo vya umeme huunasa. Mwitikio huu ndio unaotupa hisia ya kwamba mtu huyu ni wetu.

Mwaka 1990 watafiti wawili wa Uingereza, Haden Ellis na Andrew Young, walipendekeza kwamba katika hali ya Capgras kazi ya kwanza hubaki salama au karibu salama, na ya pili hukatika. Miaka 7 baadaye, Ellis, Young na wenzao waliwapima wagonjwa 5 kwa kuwaonyesha nyuso zinazofahamika na zisizofahamika. Kwa mtu mwenye afya, ngozi huitikia zaidi anapoona uso anaoufahamu. Kwa wagonjwa hao tofauti hiyo haikuonekana. Waliweza kuzitambua nyuso, lakini miili yao haikuzipokea.

Ni sawa na kula chakula ulichokizoea ukiwa na mafua makali: macho yanasema hii ni pilau ileile ya nyumbani, lakini ladha haifiki.

Upo pia ugonjwa ulio kinyume chake, nao unasaidia kuthibitisha kwamba njia hizi ni mbili. Kuna watu ambao baada ya ubongo kudhurika hawawezi tena kumtambua mtu yeyote kwa kumtazama usoni, hata mwana wao. Mwaka 1984 Russell Bauer, mtafiti wa Marekani, alieleza habari za mgonjwa wa namna hiyo ambaye, ingawa hakuweza kusema uso ulikuwa wa nani, ngozi yake iliitikia jina sahihi lilipotajwa. Huyo mwili wake ulijua na yeye mwenyewe hakujua. Baba yenu yeye anajua na mwili wake umenyamaza.

Sasa turudi kwenye maswali yako. Mwenye kibanda cha mboga hakuwahi kumwamshia baba yako hisia nzito, kwa hiyo anapomwona leo hakuna kinachokosekana, na ubongo hauna cha kulalamikia. Lakini kwa mama yenu, kwa muda wa maisha yote ya ndoa, kila alipoingia chumbani mwili wa mzee ulimwitikia. Ubongo bado unautarajia mwitikio huo, na usipokuja, pengo lake ni kubwa mno. Mama hakukataliwa kwa sababu mapenzi yamepungua. Amekataliwa kwa sababu hakuna mtu mwingine ambaye kimya hicho kingeonekana waziwazi kiasi hicho.

Kuhusu simu, sauti hupita njia nyingine, kutoka sikioni hadi maeneo ya kando ya ubongo, na njia hiyo inaweza kuwa bado imeungana vyema na sehemu za hisia. William Hirstein na Vilayanur Ramachandran walieleza mwaka 1997 habari za kijana aliyeumia kichwa katika ajali ya gari, ambaye alisema wazazi wake ni watu bandia alipowatazama, lakini walipozungumza naye kwa simu hakuwa na shaka nao. Usiichukulie hii kuwa kanuni ya kila mgonjwa, kwani wako ambao shaka yao huifuata sauti pia, na hali hii imewahi kuripotiwa hata kwa watu wasioona. Kwa baba yenu, hata hivyo, sauti ni mlango ulio wazi, na ningeutumia.

Mwalimu Mstaafu, Lang’ata

Ninamshukuru Tabibu kwa maelezo yake. Nilimuuguza mke wangu aliyekuwa na ugonjwa wa Alzheimer, naye hakuwahi kunikana mimi. Yeye aliikana nyumba. Alikuwa akisema kwamba hii si nyumba yetu bali ni nyingine iliyojengwa mfano wake, yenye viti kama vyetu na pazia kama zetu, na ifikapo saa kumi na moja jioni hufunga kanga na vitu vyake na kusimama mlangoni akinisihi twende kwetu.

Nilisoma baadaye kwamba Arnold Pick, daktari aliyefanya kazi Prague, aliandika mwaka 1903 kuhusu mwanamke mzee aliyeamini kwamba amehamishwa kutoka hospitali ya Pick hadi nyingine inayofanana nayo kila kitu. Alipoulizwa kwa nini basi madaktari ni walewale, alijibu kwamba wanafanya kazi katika hospitali zote mbili. Nilipolisoma jibu hilo nilimsikia mke wangu kabisa, kwa maana naye alikuwa na jibu kwa kila hoja niliyomletea.

Baadaye ikaja habari ya kioo. Alimwona mwanamke bafuni, akamsalimia kwa heshima, na mwanamke alipokosa kuitika akakasirika. Tulikifunika kioo kwa kitambaa na ugomvi huo ukakoma siku ileile. Wagonjwa wengine huamini kwamba kuna mtu anayeishi nyumbani kwa siri, au kwamba wasomaji wa habari katika televisheni wamo sebuleni na wanahitaji kuandaliwa chai. Nadhani haya yote ni ndugu wa lile linalomsumbua mzee wenu.

Kifunguamimba, kuhusu hao wanaotaja pepo, wapeni maelezo haya kwa subira lakini msiwaachie uamuzi. Tunajua yaliyowapata wazee kule Kilifi, pwani ya Kenya, watu waliouawa kwa kudhaniwa ni wachawi, na mtu anayezungumza na kioo au kumwita mkewe mgeni ni rahisi sana kusingiziwa.

Kifunguamimba, Buruburu

Nimemsomea mama sehemu ile ya mwitikio wa mwili, na akaniomba nimrudie kuisoma tena. Asanteni nyote.

Bado kuna jambo ambalo sijalielewa. Tukubali kwamba hisia haiji. Kwa nini basi baba asiseme tu, “Siku hizi nikikutazama sihisi kama zamani”? Kwa nini akimbilie jambo lisilowezekana, kwamba kuna mwanamke mwingine mwenye kovu lilelile? Tumemwonyesha cheti cha ndoa, kitambulisho na picha za harusi. Huzitazama kwa makini, anakubali kwamba ni picha za mkewe, kisha anasema ndiyo maana anajua kwamba huyu siye.

Tabibu wa Neva, Parklands

Swali lako ndilo lililowafanya watafiti waone kwamba maelezo ya njia mbili hayatoshi. Wapo watu ambao wameumia sehemu ya katikati ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, nao pia ngozi zao haziitikii nyuso wanazozifahamu. Hata hivyo hawasemi kwamba wake zao wamebadilishwa. Kwa hiyo Max Coltheart, mtafiti wa Australia, na wenzake walijenga hoja kwamba panahitajika hitilafu mbili. Ya kwanza huleta wazo la ajabu, na ya pili huondoa uwezo wa kulikataa wazo hilo. Sote hupitiwa na mawazo yasiyo na msingi, lakini kuna kazi ya ubongo, inayotegemea sana sehemu ya mbele upande wa kulia, ambayo hulipima wazo dhidi ya yote tunayoyajua na kulitupa lisipofaa. Kazi hiyo ikidhoofika, wazo lililobisha hodi huingia na kukaa.

Ushahidi mzuri ulipatikana mwaka 2017, pale Ryan Darby, Michael Fox na wenzao walipowachunguza wagonjwa 17 waliopata imani potofu za namna hii baada ya ubongo kudhurika mahali mahususi. Madhara yenyewe yalikuwa mahali tofauti tofauti, jambo ambalo kwa muda mrefu lilikuwa limewachanganya wataalamu. Walipotumia ramani za mawasiliano ya ubongo, waligundua kwamba sehemu zilizodhurika kwa wagonjwa wote 17 zilikuwa zimeungana na eneo moja la ndani, upande wa nyuma, linalohusika na hisia ya kwamba kitu tumekizoea. Kwa wagonjwa 16 kati yao, zilikuwa zimeungana pia na eneo la mbele upande wa kulia linalohusika na kupima imani. Hao hawakuwa wagonjwa wa dimensha, lakini dimensha hudhuru maeneo mengi kwa pamoja na hukata mawasiliano kati yake, na mimi ninaona kwamba ramani hiyo inatusaidia kuelewa kwa nini hitilafu zote mbili huweza kumkuta mzee mmoja.

Ndiyo maana cheti cha ndoa hakisaidii. Mnampa ushahidi mtu ambaye kile kinachodhoofika ndani yake ni mizani yenyewe ya kupimia ushahidi, na kila mnapoongeza hoja yeye hulazimika kuijenga hadithi yake vizuri zaidi ili ikubaliane nayo. Acheni kabisa kushindana naye. Hisia anayoipata ni ya kweli, na hofu yake ni ya kweli, hata kama maelezo anayoyatoa si ya kweli.

Lipo neno moja la usalama ambalo sitaki lipite. Mgonjwa anayeamini kwamba mgeni amechukua nafasi ya mkewe anaweza kumshambulia ili amrejeshe mke wake. Ondoeni panga na visu mahali anapoweza kuvifikia, na jioni mama asikae naye peke yake katika chumba chenye mlango mmoja.

Mfamasia, Ngara

Nimeisoma mada hii tangu mwanzo, na kuna mambo manne katika swali la kwanza ambayo mfamasia yeyote anapaswa kuyaunganisha: mzee huona watoto wasiokuwepo, hatua zake ni fupi, akili yake hupanda na kushuka, na alikuwa akirusha mikono usingizini miaka mingi kabla. Dalili hizi zikikutana, daktari anapaswa kufikiria dimensha ya miili ya Lewy, ambayo si sawa na ugonjwa wa Alzheimer ingawa mara nyingi huchanganywa nao. Miili hiyo ni madonge yanayojengeka ndani ya seli za ubongo, ambayo daktari Friedrich Lewy aliyaeleza mwaka 1912, na leo tunajua kwamba hujengwa kwa protini iitwayo alfa-sinukleini. Ugonjwa huu huidhoofisha kazi ya sehemu ya kisogoni inayochambua yale yanayoonwa, na hupunguza mno kemikali ya asetilkolini ambayo ubongo huihitaji ili kuwa makini. Uhusiano wake na hali ya Capgras ni wa karibu: katika uchunguzi uliofanywa na Keith Josephs wa hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2007, kati ya wagonjwa 47 wenye hali hiyo, 38 walikuwa na maradhi yanayoharibu ubongo polepole, na 26 kati ya hao walikuwa na ugonjwa wa miili ya Lewy.

Ninalisema hili kwa sababu ya dawa. Mgonjwa wa Lewy akipewa dawa kali za kutuliza wagonjwa wa akili, hasa za zamani kama haloperidoli, anaweza kukakamaa mwili, kuzama katika usingizi mzito, kushindwa kumeza, na hata kufa. Hata kwa dimensha za aina nyingine, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2005 kwamba dawa mpya za kundi hilo huongeza vifo kwa wazee, na mwaka 2008 ikalipanua onyo hilo hadi kwa zile za zamani. Kwa upande mwingine, dawa zinazolinda asetilkolini, kama donepezili na rivastigmini, huweza kupunguza maruweruwe na imani hizi potofu kwa baadhi ya wagonjwa, na mara nyingi huwasaidia wa Lewy zaidi kuliko watu wanavyotarajia.

Tazameni pia kabati la dawa la nyumbani. Piriton inayonunuliwa kwa ajili ya mafua, amitriptilini inayopewa watu kwa maumivu au usingizi, na benzheksoli inayopewa watu kwa mtetemeko wa mwili, zote huipinga asetilkolini ileile ambayo mzee anayo kidogo. Msizikatize ghafla zile alizoandikiwa, bali mzibebe zote kwenye mfuko mwende nazo kwa daktari.

Kifunguamimba, Buruburu

Kituo kimoja tulichompeleka usiku kilitaka kumdunga sindano ya kumtuliza, na mama akakataa kwa sababu tu alimwona amechoka. Sasa ninaelewa jinsi kukataa kwake kulivyokuwa na maana.

Tumeanza kuutumia ule mlango wa sauti. Mama akirudi huita kutoka nje ya lango, humwuliza baba kama amekula, huzungumza naye wakati anapanda ngazi, na huingia akiwa bado anazungumza. Mara nyingine inafaulu na mara nyingine haifaulu. Akikataliwa, hasemi neno, hutoka akaenda jikoni au kwa jirani, kisha huanza upya baadaye. Tuna miadi ya kumwona daktari wa neva. Twende na nini?

Tabibu wa Neva, Parklands

Mama anafanya vyema kabisa, na kule kutoka kisha kuanza upya ni jambo ambalo ningemshauri hata kama asingeligundua mwenyewe.

Nendeni na dawa zote kama Mfamasia alivyosema. Nendeni na daftari lenye saa ambazo hali huanza na kuisha, mwanga wa chumba ulivyokuwa, na kama alikuwa amelala mchana huo, kwa sababu daktari akimwona katika saa zake nzuri anaweza kudhani mmetia chumvi. Mkiweza kumrekodi akitembea, na akilala ikiwa bado anarusha mikono, fanyeni hivyo kwa simu. Elezeni mpangilio wa miaka: usingizi ulianza lini, hatua zilibadilika lini, kusahau kulianza lini, maruweruwe yalianza lini. Ombeni macho na masikio yake yapimwe pia, kwa kuwa ubongo unaopata picha hafifu hukisia zaidi.

Ikiwa kabla ya miadi hali yake itabadilika kwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, akawa hajijui alipo au akasinzia kupita kawaida, msingoje tarehe. Mabadiliko ya ghafla kwa mzee mwenye dimensha mara nyingi huwa na chanzo kingine, kama vile maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia, malaria ikiwa ametoka safari ya sehemu zenye malaria, upungufu wa maji mwilini, au choo kilichofunga kwa siku nyingi. Mpelekeni hospitalini siku hiyohiyo, na mtu wa kwanza mtakayemkuta zamu mwambieni, kabla ya jambo lingine lolote, kwamba kuna shaka ya ugonjwa wa Lewy na kwamba haloperidoli isitumike.